Mama Shuka na Nyumba Zilizoanuliwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kazi mkononi, usiiache. Endelea nayo huku ukisikiliza. Mwanamke tunayemkumbuka leo alikuwa akitusikiliza hivyo hivyo, mikono ikikunja shuka, redio ikiwa juu ya kabati la sabuni.

Watu walimwita Mama Shuka. Kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Na kwa miaka mingi pia, kwa simu yake ya mkononi, alikuwa mchoraji wa ile ramani ya mtandaoni isiyo na mwenyewe. Kila mtu anaruhusiwa kuitumia, na kila mtu anaruhusiwa kuiongezea anachokijua. Hospitali na ramani. Shikeni hayo mawili, maana maisha yake yalipita katikati yake.

Mama Shuka ametutoka wiki iliyopita. Tulikwenda nyumbani kwake kutoa pole, tukijua tutakuta kilio. Tulikikuta. Ila tulikuta na vicheko, kwa sababu kila aliyefungua mdomo alikuwa na kisa chake kuhusu marehemu, na visa vyenyewe havikumwacha mtu na uso mkavu.

Tuanze na kisa cha nyumba.

Nyuma ya hospitali ile kuna mteremko wa majani. Mashine ya kukaushia nguo ilipoharibika, na fundi akawa kila siku ni wa kuja kesho, Mama Shuka aliagiza shuka zitandazwe pale juani. Zilitandazwa kwa safu, kona kwa kona, maana hakupenda kitu kilichopinda. Mchana mmoja binti yake alimletea chakula. Walikuwa wanatafuta kwenye simu njia ya kwenda kwa shangazi wa binti, ambaye alikuwa amehamia mtaa mpya. Binti akafungua ramani. Mama yake akavaa miwani, akaitazama hospitali yake kutoka juu, na nyuma ya hospitali akaona safu ya nyumba ndogo ndogo zilizopangwa vizuri.

"Hizi nyumba za nani?" aliuliza.

Binti alidhani anataniwa. Pale hapakuwa na nyumba. Mama Shuka akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali, kisha akaanza kucheka mpaka miwani ikateleza puani.

"Mwanangu, hizi si nyumba. Hizi ni shuka za wodi ya wazazi."

Ndivyo ilivyokuwa. Picha ilipigwa kutoka angani siku ya kufua. Mtu fulani, mbali sana, akiwa mbele ya kompyuta yake na nia njema, aliona vipande vyeupe vya pembe nne, akavichora kuwa nyumba. Mtaa mzima, wasikilizaji wapendwa. Mtaa mzima wa shuka.

Binti alimfungulia akaunti pale pale, chakula kikipoa mezani. Akaunti wakaiita Mama Shuka, na jina hilo halikumtoka tena, hata kazini. Ramani hiyo ina utaratibu wake: ukiona kosa, unaweza kumwandikia aliyelichora. Ujumbe wa kwanza wa Mama Shuka bado upo, na yeyote anaweza kuusoma. Unasema hivi: "Salamu kwako. Nyumba ulizochora nyuma ya hospitali tumeshazianua. Tumezipiga pasi, na sasa wagonjwa wamezilalia. Naomba ruhusa nizifute."

Aliyechora alikuwa mwanamke anayejiita Dira. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso hadi mwisho. Dira alijibu kwamba amecheka mpaka mwenzake wa meza ya pili amekuja kuuliza kulikoni. Halafu akaongeza swali moja. "Na nini kingine nimekosea huko kwenu?"

Swali hilo ndilo lililomfunga Mama Shuka na ramani. Binti yake anasema, "Mtu mwingine angenuna. Yule aliuliza. Mama akaniambia hapa pana watu waungwana, ngoja nikae."

Akakaa. Alijifunza mwenyewe, kidogo kidogo, wakati wa mapumziko, mashine zikizunguka nyuma yake. Alikuwa na sharti moja: hachori asichokiona kwa macho yake. Kichochoro alikipita kwanza kwa miguu, ndipo akakiweka. Kisima alikikuta kwanza kinatoa maji. Wenye maduka wakamzoea, wakawa wanamwita ndani kumwonyesha mlango wa nyuma.

Si kwamba hakukosea. Alikosea, tena makubwa. Siku moja kidole kilimteleza, akaivuta barabara kuu na kuitumbukiza kwenye bwawa. Barabara ikakaa majini mchana kutwa bila yeye kujua. Aliyemjulisha ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, yule yule aliyehamia mtaa mpya. Alimpigia simu na kusema kwa sauti ya upole kabisa kwamba amefika kazini amelowa chapachapa, kwa sababu amefuata ramani ya wifi yake. Dira ndiye aliyesaidia kuiopoa barabara ile. Na wifi, mpaka wiki ya mwisho, kila akimtembelea alikuwa anapiga hodi na kuuliza kama huku ni nchi kavu.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Chumba cha kufulia kilipata mfuaji mpya. Alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto ambaye ndiyo kwanza anaanza kukaa. Hakuwa na wa kumwachia. Akawa anachelewa kazini, au anakuja naye na kumlaza kwenye kikapu cha shuka safi. Ofisi ya hospitali ikamwonya, ikamwonya tena. Onyo la mwisho lilisema wazi: mtoto akionekana tena mle ndani, mama yake atafute kazi kwingine.

Mama Shuka alijua kwamba walezi walikuwepo. Walikuwa wanawake waliopokea watoto wa wenzao asubuhi, nyumbani kwao, na kukaa nao hadi jioni. Alikuwa amepita milangoni mwao akichora vichochoro. Akamshika mkono mfuaji mpya, akampeleka kwa mmoja wao, na kazi ya yule mama ikapona. Lakini ni wangapi wangeshikwa mkono? Alifungua ramani. Baa zilikuwepo. Vituo vya mafuta vilikuwepo. Mahali pa kuoshea magari palikuwepo, mpaka na pale palipofungwa zamani. Mahali pa kumwacha mtoto hapakuwepo kabisa.

"Gari linajua pa kwenda kuoga," alimwambia wifi yake. "Mtoto hana pa kukaa."

Akaanza kuziweka nyumba za walezi kwenye ramani, moja moja, kwa idhini ya wenyewe. Baada ya muda zikafutwa. Zote.

Aliyezifuta anajiita Kipimo, mmoja wa wakaguzi wa ramani. Alieleza sababu zake. Ramani haikuwa na aina hiyo ya mahali. Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Leo analea, kesho ameacha, na ramani itabaki inamdanganya mzazi. Wasikilizaji wapendwa, tusimhukumu haraka. Mama Shuka mwenyewe hakumhukumu. Alisema bwana huyu anapinga kwa adabu, na anayepinga kwa adabu utafika naye mahali. Kipimo alimwelekeza cha kufanya. Apendekeze aina mpya ya mahali. Ijadiliwe. Kisha wachoraji wapige kura, kila akaunti kura moja. Ikipita, nyumba zote zirudi. Isipopita, basi.

Hilo ndilo lililokuwa linapiganiwa. Je, mahali pa kumwachia mtoto pataonekana kwenye ramani, au hapataonekana?

Kwa wakati huo Mama Shuka hakuwa anachora peke yake. Wafuaji walikuwa wanachora. Wifi alikuwa anachora. Walezi wenyewe walikuwa wanachora, watoto wakilala. Ila wote walichora ndani ya akaunti moja, ya Mama Shuka. Kwao akaunti ilikuwa kama sufuria kubwa la shughuli. Likiwepo moja linatosha, mwenye haja analichukua, akimaliza anarudisha. Neno la siri lilikuwa jina la sabuni ya hospitali, na kila aliyewahi kushika ile sabuni alilijua. Hakuna aliyeona kosa hapo. Waliona wamebana matumizi.

Huko kwa wakaguzi mambo yalionekana vingine. Kipimo aliona mtu mmoja anaweka zahanati upande wa mashariki wa mji, na dakika hiyo hiyo anasahihisha njia upande wa magharibi. Aliona mtu asiyepumzika. Akatoa taarifa. Akaunti ikafungwa siku chache tu kabla ya kura, na ujumbe ukaja ukiuliza kwa heshima kama Mama Shuka ni binadamu au ni mashine.

Wifi alitaka wajibu kwamba mashine haina nyonga inayouma.

Lakini haikuwa ya kuchekwa sana. Kanuni ya ramani ilikuwa wazi: akaunti moja, mtu mmoja. Kazi iliyoingizwa na watu wasiojulikana ingeweza kuondolewa yote. Vichochoro vyote. Visima vyote. Na ile kura? Kundi zima la wanawake, kwa hesabu ya ramani, lilikuwa mtu mmoja, na mtu huyo mmoja amefungiwa nje.

Mama Shuka hakuomba msamaha mrefu. Aliwaandikia wakaguzi kweli tupu. "Mimi si mashine. Mimi ni wengi. Hatukujua kuwa ni kosa. Tupeni nafasi tulinyooshe."

Wakampa. Kila mwanamke afungue akaunti yake. Kila mahali pathibitishwe upya na mtu aliyepaona, kwa jina lake mwenyewe. Pasipothibitishwa, patafutwa. Na kura wakaisogeza mbele ili wapate muda.

Mama Shuka alidhani kazi imekwisha. Akawakusanya wenzake kwenye meza ndefu ya kukunjia, akawaeleza. Wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja.

Mmoja alisema mumewe atauliza anatafuta nini mtandaoni. Mwingine aliogopa ofisi. Mlezi mmoja alisema yeye kuandika kwenyewe kunamtoa jasho. Na wifi, yule mwenye mdomo kuliko wote, ndiye aliyerudi nyuma mbali zaidi.

"Nikikosea kwa jina lako, umekosea wewe, na mimi nakucheka," alisema. "Nikikosea kwa langu, nitamcheka nani?"

Hapo Mama Shuka akaelewa jambo ambalo hakuwa ameliona. Wenzake hawakuwa wanabana matumizi tu. Walikuwa wamejificha. Yule mfuaji mpya, ambaye kwa kumlaza mtoto kikapuni wenzake walimwita msichana wa kikapu, ndiye aliyetusimulia kilichofuata, na alisimulia akiwa amesimama, kana kwamba bado yuko pale mezani.

Mama Shuka alichukua shuka mbichi na pana, akampa wifi yake pembe mbili, yeye akashika mbili. Wakaivuta. Akawa anaongea huku wanakunja, bila kupandisha sauti.

"Nimekuwa pazia lenu," alisema. "Nilifurahi kuwa pazia, sikatai. Watu wakinisifu nilipokea, wakati nusu ya vichochoro vile sijawahi hata kuvikanyaga. Lakini pazia likikaa dirishani siku zote, walio ndani hawaonekani, na vumbi linajaa. Mimi nafua. Leo naliteremsha." Wifi akasogea na pembe zake, kama inavyotakiwa ukikunja. Mama Shuka akazipokea. "Ukikosea, wifi, utanicheka mimi kwa kukuingiza humu. Nakupa ruhusa ya maisha."

Wifi alikuwa wa kwanza kutoa simu.

Wakachagua majina. Wifi akajiita Nchi Kavu, bila shaka mnajua kwa nini. Mpiga pasi akajiita Pasi Moto. Mlezi mmoja akajiita Bibi wa Wengi. Yule mfuaji mpya alifikiri sana, akaandika: Asiyechelewa.

Kisha wakatoka. Kila zamu ilipoisha walipita mitaani, wakirudia walikowahi kupita, mlango kwa mlango, kisima kwa kisima. Safari hii kila alama ilibeba jina la aliyeiona. Walikuta makosa yao wenyewe, wakayarekebisha. Walikuta mlezi mmoja amehama, wakamwondoa. Pasi Moto, ambaye mumewe angeuliza, aliulizwa kweli. Akamwonyesha. Mume akatazama, akasema kibanda chake cha kutengeneza viatu hakimo. Kesho yake kikawemo, na mume akageuka mpiga debe wa ramani kuliko mkewe.

Mjadala ukafunguliwa. Dira aliwaita wachoraji wenzake wa huko aliko, na wanawake wengi waliokuwa wamekaa kimya kwenye ramani hiyo kwa miaka walijitokeza kusema kwamba na wao waliwahi kupekua ramani wakitafuta mahali pa kumwacha mtoto. Kipimo alishikilia swali lake. Alirudia kuuliza, kwa adabu ile ile: mlezi akiacha kulea, ramani itajuaje?

Wote walisubiri Mama Shuka ajibu. Akaunti yake ilikuwa imefunguliwa tayari. Hakujibu. Alikaa mezani akimtazama msichana wa kikapu, na msichana wa kikapu akajua anatazamiwa nini. Akaandika, kwa jina lake la Asiyechelewa:

"Mimi ndiye ninayempeleka mtoto pale kila asubuhi. Siku mlango ule ukifungwa nitajua kabla yako, kabla ya ofisi, kabla ya mtu yeyote. Tuko wengi tunaopeleka watoto. Tuachie sisi kazi ya kujua."

Jibu la Kipimo lilikuwa fupi. "Nimejibiwa. Naunga mkono."

Pendekezo likapita, wasikilizaji wapendwa. Halikupita kwa kubahatisha. Lilipita kwa kishindo, na majina ya Nchi Kavu, Pasi Moto, Bibi wa Wengi na Asiyechelewa yamo kwenye kura zile, kila moja kwa nafsi yake. Mashine zilikuwa zinazunguka, kelele tele, kwa hiyo habari ilipita mezani kwa ishara za mikono. Mpaka leo wafuaji wakifurahi hunyoosha shuka juu kwa pande mbili na kuitikisa mara moja, ipige kama bendera. Ishara hiyo ilianza siku ile.

Nyumba za walezi zikarudi kwenye ramani. Miji mingine ikaweka za kwao, kisha nchi nyingine. Waandaaji wa mkutano mmoja mkubwa wa wachoraji walimwalika Mama Shuka akahutubie. Aliuliza jukwaa lina upana gani. Walipomjibu, akasema basi wanatosha, akapanda na wenzake wote. Na yule mfuaji wa kikapu, aliyekuwa afukuzwe kazi, ndiye msimamizi wa chumba cha kufulia hivi leo. Mtoto wake anasoma shule, na anamsumbua mama yake kwamba shule yao imechorwa bila ule mti anaopenda kuukwea.

Mama Shuka aliugua mwaka huu. Alilazwa katika hospitali yake mwenyewe, juu ya shuka za chumba chake mwenyewe. Binti anasema siku ya kwanza mama yake alipapasa kona ya godoro, akauliza ni nani aliyetandika hivi, na muuguzi akaitandika upya mgonjwa akisimamia kutoka kitandani. Siku zilipozidi kuwa nzito, alimwomba binti jambo moja kuhusu ramani. Alitaka akaunti yake ifungwe akishaondoka, asiitumie mtu mwingine, hata kwa mapenzi.

"Kila mtu ana ya kwake sasa," alisema. "Hiyo ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote."

Aliaga dunia asubuhi, wakati wa zamu kubadilishana, kukiwa na watu wa zamu zote mbili kando yake.

Familia ya Mama Shuka, na hasa wewe binti yake, na wewe wifi yake ambaye tunakuomba uendelee kutuchekesha, pokeeni pole kutoka kwetu sote hapa studioni na kutoka kwa wasikilizaji. Wafanyakazi wa hospitali, na walezi wote, poleni. Salamu za pole zimetoka pia kwa Kipimo. Ameandika kwamba aliwahi kumuuliza mama huyu kama ni mashine, na kwamba jibu alilopewa amelisimulia kwa kila mkaguzi mpya aliyemfundisha kazi.

Nawe unayesikiliza, jiulize. Kuna njia gani, mlango gani, unaoujua wewe na mwenye haja haujui? Na unapochangia unachokijua, je, umesimama kwa jina lako, au bado uko nyuma ya pazia la mtu? Hasa ninyi akina mama na akina dada, jiulizeni leo hii. Nafasi ipo. Simu iko mkononi.

Siku ya mazishi mashine ya kukaushia ilikuwa nzima. Hata hivyo wafuaji walizitoa shuka zote nje, wakazitandaza kwenye ule mteremko nyuma ya hospitali, kwa safu, kona kwa kona. Watu waliotoka makaburini walizikuta zinang'aa juani. Binti alipiga picha, akamtumia Dira.

Dira alijibu jioni ile. "Zikionekana kutoka angani safari hii," aliandika, "nitazijua ni za nani. Nitaziacha zikauke."